KOMPYUTA NYUMBANI: Michezo ya sarafu ndani ya kompyuta kuukuu

Barua ya juma hili imetoka Garissa. Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye mjomba wake wa Eastleigh, hapa Nairobi, alimpelekea kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini. Kompyuta ilisafiri kwa basi kilomita zipatazo 370, ikafika salama, ikawashwa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kijana alikuwa amesikia kwamba kuna programu inayoweza kuchezesha ile michezo ya video ya zamani, iliyochezwa kwa kutumbukiza sarafu katika mashine. Baba yake aliposikia neno sarafu alikataa katakata. Alisema mashine ya sarafu ni kamari, na kamari haiingii nyumbani mwake. Isitoshe, akasema, kama kompyuta haina kazi ya maana, basi na iuzwe. Kijana anauliza mambo mawili: programu hiyo huwekwaje, na je, baba ana haki?

Nitaanza na la baba, maana yeye akikataa hilo jingine halina faida.

Mzee wangu, shaka yako ina msingi. Kenya nzima iliziona zile mashine ndogo za kamari zilizozagaa vibandani na madukani, ambazo watoto wa shule walizilisha sarafu za nauli hadi serikali ilipoanza kuzikamata na kuziteketeza. Lakini mashine anayoizungumzia mwanao ni ya aina nyingine. Katika kamari mtu huweka fedha akitumaini kuvuna fedha, na bahati ndiyo huamua. Katika michezo ya video ya zamani mtu alilipa ili acheze, kama anavyolipa nauli ili apande gari. Akicheza vizuri alikaa muda mrefu, akicheza vibaya alishuka mapema, na kwa vyovyote vile mashine haikumrudishia hata senti. Kwenye kompyuta hata hiyo nauli haipo. Sarafu hutumbukizwa kwa kubonyeza tarakimu 5 kwenye kibodi, nazo haziishi.

Hata hivyo nisikufiche jambo. Programu hii ina uwezo wa kuigiza maelfu ya mashine, na miongoni mwake zimo mashine za kamari vilevile, kwa sababu waliotengeneza programu walikusudia kuhifadhi kila walichokipata. Hakuna fedha inayoingia wala kutoka, lakini mzazi asiyetaka hata picha ya kamari nyumbani mwake anapaswa kulijua hilo. Habari njema ni kwamba programu huja tupu. Kila mchezo sharti uletwe na uwekwe kwa mkono katika folda moja tu. Ukitaka kujua mwanao anacheza nini, mwambie akufungulie folda hiyo akusomee kilichomo.

Sasa tuitazame programu yenyewe. Msomaji wa pwani analijua bao. Bao kamili ni ubao wa mashimo 32 na kete 64, lakini watoto wasio na ubao huchimba mashimo mchangani, wakaokota kokoto, na mchezo ukawa ule ule. Wazee wa Kisomali chini ya mti huko Garissa, Wajir au Mandera hufanya vivyo hivyo kwa mchezo wao wa shax. Huchora ardhini miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kila mtu akashika vijiti au kokoto zake kumi na mbili, wakaanza kuviziana. Hakuna aliyekuja na ubao kwapani. Walichokuja nacho ni sheria za mchezo, nazo zimo kichwani.

Mashine ya video ilikuwa kinyume cha hayo. Sheria zake zilichomwa ndani ya vipande vidogo vya kielektroniki, vikapachikwa kwenye ubao wa saketi, ubao ukafungwa ndani ya kabati kubwa lenye skrini, kijiti cha kuelekezea na tundu la sarafu. Aliyetaka kucheza Pac-Man mwaka 1980 alihitaji kabati la Pac-Man. Kabati likiungua, likiingia maji, au vile vipande vikichakaa kwa umri, basi mchezo ulikwenda nalo kaburini.

Programu ya kuigiza hufanya kama wale watoto na mchanga wao. Moyo wa mashine ya Pac-Man ulikuwa chipu iitwayo Z80, iliyokwenda kwa kasi ya takriban megahezi 3. Kompyuta ambayo ofisi ya leo inaitupa huenda kwa megahezi 2,000 na zaidi. Ina nafasi tele ya kujifanya Z80, na papo hapo ikajifanya skrini, spika, kijiti na tundu la sarafu. Kinachobaki ni kuipa nakala ya yale yaliyokuwa ndani ya vile vipande, na nakala hizo ndizo ziitwazo faili za romu. Programu ni mchanga, faili za romu ni sheria za mchezo. Anayelikumbuka hilo hatasumbuka na sehemu kubwa ya matatizo nitakayoyataja baadaye.

Inayojulikana zaidi kati ya programu hizi huitwa MAME. Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa toleo lake la kwanza mwezi Februari 1997, likiwa na michezo michache tu, hasa ya ukoo wa Pac-Man. Tangu hapo mafundi wa kujitolea kutoka nchi nyingi wamekuwa wakiikuza. Mwaka 2015 iliunganishwa na dada yake MESS, iliyoigiza kompyuta za zamani, na mwaka 2016 ikatolewa chini ya leseni huria. Haiuzwi. Mjini Garissa maji ya mto Tana huuzwa kwa mkokoteni wa punda, na muuzaji ana haki ya ujira wake kwa sababu ameyabeba. Anayekuuzia MAME hakubeba chochote.

Mbona nipoteze Jumapili nzima kwa michezo ya miaka ya 1980, na ulimwengu umejaa mipya? Kwa sababu michezo mipya mingi hutaka kompyuta ya bei ghali na intaneti isiyokatika. Msomaji wa Nairobi huenda asilione tatizo. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera milingoti ya simu imewahi kushambuliwa na kuangushwa mara kadhaa, na mji mzima ukakaa bila mawasiliano. Hata siku za amani, bando hugharimu fedha. MAME ina ukubwa wa kama megabaiti 100 hivi. Huipakua mara moja, hata kwa kuibeba katika flashi kutoka saiba, na baada ya hapo haikuulizi tena habari za intaneti.

Haya, kijana, kaa kitini. Kwanza ijue kompyuta yako. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha ya Computer, au This PC, kisha chagua Properties. Hapo utasoma kama mfumo wako ni wa biti 64 au 32. Matoleo ya sasa ya MAME kwa Windows yanataka biti 64. Kama yako ni 32, tafuta toleo la zamani katika ukurasa huo huo wa wenyewe, mamedev.org, wala usiende kwingine. Wenye Ubuntu wataikuta katika ghala la programu la mfumo wao.

Faili utakayoipata hujifungua yenyewe. Ibonyeze mara mbili nayo itakuuliza ijimwage wapi. Usiiache ijimwage pale pale kwenye Desktop, maana utapata takataka za mwaka mzima. Andika C:\mame, uiache imalize. Ndani ya C:\mame utaona folda kadhaa. Ya kukuhusu leo ni moja tu, iitwayo roms.

Katika ukurasa ule ule wa wenye programu kuna orodha fupi ya michezo ambayo wenye mali wameruhusu itumiwe bure, bila biashara. Uanze na hiyo. Mmojawapo ni Robby Roto wa mwaka 1981, ambamo mtu huchimba njia chini ya ardhi kuwaokoa mateka huku akiwakwepa wadudu na mazimwi. Mwingine ni Gridlee wa mwaka 1983. Upo pia Poly-Play, mashine iliyotengenezwa na kiwanda cha serikali ya Ujerumani Mashariki katikati ya miaka ya 1980, yenye michezo minane katika kabati moja. Nchi iliyoitengeneza ilitoweka mwaka 1990. Mchezo wake unaweza kuchezwa leo Garissa, jambo ambalo sidhani wakuu wa kiwanda kile waliliota.

Tuchukue Robby Roto. Faili yake ni robby.zip. Inakili katika folda ya roms jinsi ilivyo. Wengi huharibu hapa. Wanaifungua zipu, au wanaipa jina zuri zaidi, kisha wanalalamika kuwa programu ni mbovu. Usiifungue, na jina lake usiliguse, maana MAME huutambua mchezo kwa jina hilo.

Sasa unaweza kuibonyeza mame.exe mara mbili na kuchagua mchezo katika orodha, na utakuwa umemaliza. Mimi nakushauri upite njia ndefu. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Litatokea dirisha jeusi. Andika cd \mame, Enter. Kisha andika mame robby, Enter. Skrini itabadilika, muziki utalia, na utakuwa umeiamrisha kompyuta kwa maneno badala ya kubonyeza picha. Vijana wengi hufika chuo kikuu wakiliogopa dirisha hilo jeusi kama kisima cha majini. Mwanafunzi atakayeandika amri hizo kila jioni kwa sababu anataka kucheza hatakuwa na hofu hiyo, wala hutamlazimisha kujifunza folda ni nini, zipu ni nini, na kwa nini faili iliyokosewa herufi moja haipatikani. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema michezo haina elimu.

Kucheza kwenyewe ni hivi. Tarakimu 5 ni sarafu. Tarakimu 1 ni kuanza. Mishale ni kijiti cha kuelekezea, na Ctrl ya kushoto ni kitufe cha kwanza cha mashine, Alt ya kushoto cha pili. Esc hukutoa. Wakiwa wawili, wa pili hutumbukiza sarafu kwa 6, huanza kwa 2, na huelekeza kwa herufi R, F, D na G. Nawaonya mapema walio na ndugu wakorofi: kibodi za bei nafuu hushindwa kusoma vitufe vingi vinapobonyezwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mmoja atadai ameonewa, na pengine atakuwa anasema kweli.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni Tab. Hufungua menyu, na katika michezo mingi humo mna sehemu iitwayo DIP Switches. Hizi zilikuwa swichi ndogo zilizofichwa ndani ya kabati, ambazo mchezaji hakuziona kamwe. Mwenye mashine alizitumia kuamua sarafu moja inunue nini, mchezaji apewe maisha mangapi, na maadui wawe wakali kiasi gani. Akiona vijana wamekuwa hodari na wanakaa sana kwa sarafu moja, alifungua kabati usiku, akasogeza swichi moja, na kesho yake mchezo ukawa mgumu. Mzee, hapa ndipo ningependa uketi karibu na mwanao kwa robo saa. Mwambie acheze maadui wakiwa wapole, kisha abadilishe, azime, awashe, acheze tena. Ataona kwa macho yake kuwa anayeshindwa si lazima awe mzembe. Pengine kuna mtu amesogeza swichi. Michezo ya simu ya siku hizi, inayompa mtoto ushindi wa haraka haraka kisha ikamkwamisha mpaka anunue kitu, ina swichi kama hizo, ila haikuonyeshi zilipo. Na zile mashine za vibandani zilizokutia hofu ziliishi kwa hila ya namna hiyo.

Tatizo utakalolikuta kwanza ni MAME kukataa mchezo ikisema kuna faili zinazokosekana. Usiivuruge kompyuta nzima. Andika mame -verifyroms robby, nayo itakuambia kilichopungua. Mara nyingi sababu ni kwamba MAME yako ni ya mwaka huu na nakala ya mchezo ni ya zamani, kwani mafundi hugundua vipande vilivyosahauliwa na kusahihisha orodha zao. Sababu nyingine ni michezo inayotegemeana. Baadhi ni matoleo ya mchezo mmoja, na toleo la mtoto halichezi bila faili ya mzazi wake. Mingine, kama ile ya ukoo wa Neo Geo, inataka faili ya ziada ya mashine yenyewe.

Tatizo la pili ni mwendo wa kobe. Bonyeza F11 utaona asilimia pembeni. Ikisoma 100, mchezo unakwenda kama ulivyokwenda katika kabati lake. Waliotengeneza MAME wanajali usahihi kuliko kasi, kwa hiyo michezo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yenye picha za pande tatu huilemea kompyuta kuukuu. Ile ya kabla ya mwaka 1990 haina shida. Ikiwa mchezo mdogo unakwenda vizuri asubuhi na kusuasua alasiri, usiilaumu programu. Ni joto. Garissa huvuka nyuzi 35 bila kuomba ruhusa, na kompyuta ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue. Izime, ichomoe kwenye umeme, ifungue ubavuni, na utoe vumbi lililoganda kwenye feni kwa brashi laini. Iinue kutoka sakafuni, isikae ukutani, wala usiifunike kwa kitambaa cha mapambo wakati inafanya kazi, jambo ambalo akina mama wa mjini hulipenda sana. Cheza asubuhi au baada ya Isha.

Umeme nao una mambo yake. Mtambo wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa Desemba 2019 uko Garissa, lakini kuwa jirani ya mtambo si kinga ya kukatikiwa. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla mara kwa mara, diski yake huharibika. Tafuta betri ya akiba ya kompyuta, hata iliyotumika, ikupe dakika chache za kuizima kwa utaratibu.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo barua haikuliuliza. Utakutana na watu wanaouza flashi zenye michezo elfu kumi, na mtandaoni utakuta kurasa zinazoigawa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu, na michezo mingi ya zamani bado ina wenyewe. Pac-Man, mathalan, ni mali ya kampuni ya Bandai Namco ya Japani, na kampuni kama hizo huiuza tena michezo yao ya zamani kihalali. Mimi si askari, lakini pia sitamwelekeza mtoto wa mtu dirisha la kupitia. Na kuna hatari iliyo karibu zaidi kuliko mahakama: flashi hizo hubeba virusi. Mchezo wa MAME huja kama faili ya zipu. Ukipewa kitu kinachodai kuwa ni mchezo wa zamani na jina lake linaishia kwa exe, usikifungue hata kama aliyekupa ni rafiki yako wa dawati moja.

Ukikwama popote, niandikie. Ila usiniambie tu kwamba imekataa. Nakili neno kwa neno maandishi yaliyotokea kwenye dirisha jeusi, taja Windows yako ni ipi na MAME ni toleo namba ngapi, nami nitajua pa kuanzia.